Prado iliyoinuliwa, shafti mbili na maamuzi mawili tofauti

Prado hii ilifika gereji kwetu Arusha Jumatatu asubuhi, matope ya Gelai yamekaukia hadi kwenye vioo vya pembeni. Mwenyewe ni daktari wa mifugo. Wiki mbili katika kila mwezi yuko Longido, Ketumbeine na Gelai, chanjo ziko nyuma kwenye kasha la barafu. Ukiacha lami pale Longido, kinachobaki ni mawe, makorongo na lile vumbi jepesi la majivu ambalo hupenya hata mlango uliofungwa vizuri.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, fundi. Hii gari ina homa. Inatetemeka."

"Inatetemeka ukikanyaga mafuta au ukiachia?"

Akafikiri kidogo. "Nikikanyaga. Hasa kwenye mlima, nikiwa kwenye sitini hivi. Nikiachia inatulia."

Jibu hilo lilinionyesha pa kuanzia. Tairi lisilo na balansi hutikisa gari ukikanyaga na ukiachia. Mtetemo unaokuja na mzigo wa injini na kuondoka nao, gari likienda moja kwa moja, mara nyingi hutoka kwenye kiungo cha ndani cha shafti ya mbele, yaani kile chuma kinachopeleka nguvu kwenye tairi. Kiungo hicho ndicho kinachoingia kwenye difu, boksi la gia linalogawa nguvu kushoto na kulia. Kiungo cha nje kina tabia yake: hugonga ka-ka-ka-ka ukikata kona kali huku unavuta mafuta. Daktari alikuwa hajasikia mlio huo.

Gari lenyewe ni Prado 120 ya mwaka 2004, ya dizeli, limetoka Japani. Miezi kumi na minane kabla ya siku hiyo liliinuliwa katika gereji nyingine: springi ngumu zaidi mbele na nyuma, shokapu ndefu kidogo, na tairi za 265/70R17 badala ya 265/65R17 za kiwandani. Mwaka mmoja na kidogo baadaye raba ya ndani ya shafti ya kushoto, ile inayofunika kiungo na kushika grisi yake, ikaanza kuitema. Akarudi kulekule. Wakamwambia shafti imekufa, wakamfungia mpya ya bei nafuu, nzima, kutoka kwenye boksi. Hiyo mpya ndiyo iliyokuwa inatetemeka, miezi minne tu tangu ifungwe. Sasa na upande wa kulia, wenye shafti iliyokuja na gari kutoka Japani, ulikuwa umeanza kutoa grisi kwenye raba ya ndani.

Nilimuuliza shafti ya zamani ya kushoto iko wapi. Alisema aliiacha gereji, na bila shaka ilishauzwa kwa mzani kama chuma chakavu. Iliniuma kweli. Shafti ya kiwandani ambayo kosa lake ni raba na grisi ina thamani kuliko nyingi za boksi zinazouzwa mjini, na hata yenye raba iliyochanika kabisa hustahili kufunguliwa kabla ya kuhukumiwa. Tangu siku hiyo kila mteja wangu anarudishiwa spea yake ya zamani mkononi, kwenye mfuko.

Kabla ya kufungua nati hata moja, nilitoa futi. Gari likiwa chini, kwenye sakafu iliyo sawa, nilipima kutoka katikati ya habu, kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Halafu nikapima Prado nyingine ya umri uleule iliyokuwa uani, ambayo haijaguswa springi. Ya Daktari ilizidi kwa sentimita 6.5 kushoto na 5.5 kulia. Yeye aliambiwa ameinuliwa sentimita 4.

Ile tofauti ilitoka wapi? Watengenezaji wakubwa wa springi hutoa namba tofauti kwa gari lilelile: ya pua tupu, ya gari lenye bampa ya chuma, na ya lenye bampa pamoja na winchi. Nilisugua springi ya mbele kwa brashi ya waya hadi namba ikaonekana, nikaitafuta kwenye orodha ya mtengenezaji. Ilikuwa ya bampa na winchi. Gari la Daktari lina bampa ya plastiki iliyotoka nayo kiwandani. Springi iliyotarajia kubebeshwa kilo nyingi za chuma haikubebeshwa kitu, ikabaki imesimama.

Hapa niseme jinsi shafti inavyoumia, kwa sababu wengi huinua gari wakifikiria tairi na shokapu tu. Shafti ya mbele ina viungo viwili. Cha nje, kwenye tairi, kina gololi sita zilizokaa kwenye mifereji, na hukunja sana ili uweze kukata kona. Muundo wake unatokana na kazi ya mhandisi Alfred Rzeppa wa Ford katika miaka ya 1920, na kimsingi haujabadilika. Cha ndani hukunja kidogo lakini huteleza, kuingia na kutoka, maana tairi likipanda na kushuka umbali kati yake na difu hubadilika. Ukiinua bodi, difu hupanda nayo, tairi hubaki chini. Shafti iliyokuwa karibu kulala sasa inateremka. Chukua shafti ambayo viungo vyake viko umbali wa sentimita 40: ukiinua sentimita 4 unaiongezea mkunjo wa nyuzi zisizofika 6, ukiinua 6.5 unaiongezea zaidi ya 9. Kwa jicho nyuzi 3 hazionekani. Kwa raba ya ndani zinaonekana sana. Mikunjo yake upande mmoja inabanana na kusuguana kila mzunguko, upande wa pili inanyooka, na ule mdomo mdogo unavutwa huku na huku hadi klempu, ule mkanda unaoibana raba, inaachia grisi. Upande wa kushoto ndio uliokuwa juu zaidi, na ndio uliotangulia kuvuja.

Kuna jambo la pili ambalo Prado hii haiwezi kulikwepa. Ni fowili ya muda wote. Difu ya kati hugawa nguvu asilimia 40 mbele na 60 nyuma. Maana yake, hata Daktari akiwa kwenye lami ya Longido kurudi Arusha, shafti za mbele zinavuta, zikiwa zimekunjwa vilevile. Gari lenye habu za kufungua kwa mkono hupumzisha shafti zake likifika lami. Hili halipumzishi.

Tukaliweka gari kwenye stendi, magurudumu ya mbele yakining'inia kwa urefu wote wa shokapu. Nikaweka gia huru, nikakata stelingi mpaka mwisho, nikazungusha tairi la kulia kwa mkono. Likazunguka laini, kama linapita kwenye siagi. La kushoto, lenye shafti mpya, lilifika mahali likakaza, likahitaji msukumo, likaachia, na nusu mzunguko baadaye likakaza tena. Nilimwita Daktari, nikamshikisha mwenyewe. Vidole vyake vimezoea kupapasa ng'ombe. Alitambua papo hapo.

"Inagota," akasema.

Ilikuwa inagota kweli. Shafti ile haikutengenezwa kukunja kiasi kile. Kwenye gari lisiloinuliwa huenda ingedumu. Hapa, kila tairi liliponing'inia juu ya korongo huku injini inavuta, chuma kilisukuma chuma.

Tulipoifungua mezani, raba yake ilikuwa nzima lakini ngumu kama ganda la ndoo. Grisi ndani ilikuwa chache, ya kahawia, nyepesi mno. Mifereji ya kikombe cha ndani, yaani ganda la chuma la kiungo, ilikuwa na vishimo, kama ngozi iliyoumwa na siafu. Ukipitisha ukucha, ukucha unakwama. Hakuna raba wala grisi itakayotibu vishimo, kwa sababu ile ngozi ngumu ya juu ya chuma ndiyo inayobeba mzigo, na ikishatoboka uharibifu huenda mbio.

Ya kulia ilikuwa habari nyingine kabisa. Kwanza, raba yake haikupasuka; ilikuwa inavuja kwenye klempu. Mafundi tuangalie sana hapa. Raba iliyovuja kwenye klempu inatoa grisi, lakini uchafu mara nyingi haujaingia. Raba iliyochanika, kwenye lile vumbi la majivu, inafanya kikombe kuwa kinu cha kusagia: siku chache tu na mifereji imeliwa. Daktari aliona grisi kwenye madigadi wiki mbili kabla, na akaja. Nilichota grisi ya ndani, nikaisugua katikati ya vidole viwili mbele ya taa. Nyeusi, nzito, haina chenga, haina mng'ao wa unga wa chuma, haina weupe wa maji. Tukaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, tukakausha, nikapitisha ukucha kwenye kila mfereji. Kulikuwa na ule mstari unaong'aa ambapo chuma kimepita miaka yote, lakini ni laini. Nikashika shafti kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine, nikapindua huku na huku. Mchezo haukuwepo.

Uamuzi wa kulia ukawa rahisi: inabaki, inapewa raba mpya, ndani na nje. Kwenye Toyota hizi kikombe cha nje kwa kawaida hakitolewi kwenye shafti. Raba ya nje hupitishwa kutoka upande wa ndani. Ukishafungua ndani, kuacha raba ya nje ya miaka ishirini mahali pake ni kujitafutia kazi ileile tena baada ya miezi. Nilichukua seti ya kampuni, yenye raba mbili, pakiti za grisi, klempu na pete. Raba zenye mshono wa kugundisha, zile zinazofungwa bila kutoa shafti, sizifungi kwenye gari lililoinuliwa. Mshono ule unapindwa kila mzunguko na gundi haivumilii. Vilevile klempu za kamba ya plastiki. Za kukufikisha nyumbani ni sawa, za kukaa si sawa.

Kushoto ndiko tulikojadiliana, na tulijadiliana muda mrefu kwenye benchi, chai ikapoa.

Shafti mpya ya kampuni ya Toyota ingemaliza maswali yote. Ninaiamini, na kwa mtu anayeweza ningeishia hapo. Daktari alipouliza bei alinyamaza. Sitaji shilingi hapa kwa sababu bei ya spea ya wiki hii si ya wiki ijayo, ila ilitosha kununua springi za mbele, shafti ya mtumba na seti mbili za raba, na chenji ikabaki. Na kama tungeiweka chini ya zile springi, raba yake nayo ingebanwa vilevile.

Mpya nyingine ya bei nafuu, jina tofauti kwenye boksi? Zipo zinazofanya kazi vizuri, sitaki kuzitia zote kapu moja. Shida ni kwamba mambo matatu ninayoyahitaji kwenye gari lililoinuliwa, yaani kina cha ugumu wa chuma, kiasi cha kukunja na ubora wa raba, hayasomeki kwenye boksi. Na ya kwanza ilishatupa jibu lake.

Zile zilizofufuliwa, yaani kikombe cha zamani kilichosagwa mifereji na kuwekewa gololi kubwa zaidi, zina hatari iliyojificha: aliyesaga akizidisha kidogo, amekula ile ngozi ngumu. Inatoka dukani laini na kimya, halafu inakufa ghafla. Sikuitaka kwa mtu anayelala porini.

Tukabaki na mtumba wa Japani. Nilimpigia muuzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, ninayefanya naye kazi, nikamtumia namba ya chesisi, nikamwomba apige picha za meno ya ncha zote mbili na aweke futi pembeni. Masharti yangu hayabadiliki: naifungua nikiipokea, na mifereji ikiwa na vishimo inarudi. Shafti ilikuja kwa basi, imefungwa kwenye gunia. Raba zilikuwa nzuri kwa macho. Ndani, kwenye kikombe cha nje, kulikuwa na mstari wa kutu pale gololi zilipokaa miaka bila kuzunguka, na maji yalikuwa yamepenya. Ikarudi kwa basi la siku iliyofuata. Ya pili ilifika siku ya tatu, ikapita vipimo vyote nilivyovifanya kwa ya kulia. Raba zake hazikuwa na kosa, lakini nilizitupa, nikaweka mpya. Raba ya zamani iliyozoea barabara za lami za Japani huna namna ya kujua itachukua muda gani kwenye mawe ya Gelai.

Nilimweleza Daktari kwamba shafti ni nusu ya kazi. Tukiacha zile springi, nitamwona tena mwaka ujao na raba nyingine zimevuja. Aliwahi kushauriwa ashushe difu kwa vipande vya chuma kwenye mihimili yake ya mbele. Njia hiyo ipo, hupunguza kiasi kidogo cha mkunjo, na kwa aliyeinua sana ina maana. Lakini inateremsha tumbo la gari karibu na mawe, na kwake ingekuwa kutibu kikohozi wakati moshi bado uko ndani. Springi ndizo zilizokosewa. Tukaweka za pua tupu, kutoka kwa mtengenezaji yuleyule. Gari liliposhushwa na kuzungushwa mtaani ili likae, futi ilisoma sentimita 4 kushoto na 3.5 kulia juu ya ile Prado isiyoguswa. Nililala chini nikaangalia raba za ndani kwa tochi: kati ya mkunjo na mkunjo kulikuwa na nafasi pande zote. Nafasi hiyo ndiyo niliyokuwa ninaitafuta tangu Jumatatu.

Kwenye kufunga nitaje machache tu. Sili za difu za pande zote mbili zilibadilishwa. Shafti ikivutwa, meno yake hukwangua mdomo wa sili, na sili ya zamani hulipiza kwa kuvuja. Grisi iliingia yote iliyokuwa kwenye pakiti, kila pakiti kwenye kiungo chake, kwa sababu ya ndani na ya nje si moja. Kabla ya kubana klempu ndogo nilipitisha bisibisi nyembamba chini ya mdomo wa raba, shafti ikiwa imelala katika urefu wake wa kawaida, hewa ikatoka pumzi moja, raba ikatulia bila kuvimba wala kunywea. Pete ya kwenye ncha iliingia mdomo wake ukiangalia chini, nikasukuma hadi ikalia, nikavuta kwa mkono kuhakikisha imeshika. Nati ya habu, soketi namba 35, ilikazwa kwa spana ya kipimo hadi nyutoni-mita 235. Bolti mbili za boljointi ya chini, 160. Difu ikajazwa oili 75W-90 hadi usawa wa tundu. Halafu alaimenti, kwa sababu ukibadilisha urefu wa mbele umebadilisha kila pembe ya tairi.

Daktari aliuliza swali moja zuri wakati tunafunga: shafti ikimkatikia Gelai, aivute nje aje nayo? Nikamwambia hapana, si nzima. Kwenye gari hili kikombe cha nje pamoja na nati yake ndivyo vinavyobana beringi ya habu. Ukikiondoa na kuendesha, tairi linaweza kuachana na gari. Kikombe cha nje kinabaki mahali pake, sehemu iliyokatika inatolewa, au inafungwa isipige mabomba ya breki, tundu la difu linazibwa ili oili isimwagike, na difu ya kati inafungwa ili nguvu iende nyuma. Kisha taratibu, hadi lami. Aliandika kwenye daftari lake la chanjo.

Miezi minane imepita. Analeta gari kila kilomita 5,000 na mimi hulala chini na tochi ileile. Mtetemo haujarudi. Kulia ni pakavu kabisa, vumbi tu. Kushoto, kwenye ukaguzi wa pili, klempu kubwa ya ndani ilikuwa imetoa jasho la grisi, utepe mwembamba kama uzi. Nilikuwa sikuikaza vya kutosha. Nikaikata, nikaweka nyingine, na tangu hapo haijatoa.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya bampa ya chuma yenye nafasi ya winchi, ameipata kwa bei nzuri na anataka kuifunga kabla ya masika. Nimemwomba asilipe hadi aje nayo tuipime kilo, maana zile springi ngumu nimezihifadhi stoo, zimeandikwa jina lake.